Maji ya Kifuu: Somo Awajibu

Tangu Idi mosi mkoba wangu wa barua umelowa. Safari hii hakuna aliyegombana na wifi kwa ajili ya dhahabu. Nyote mmegombania bwawa la kuogelea. Haya, tuanze.

*Salaam aleikum Somo. Siku ya Idi el Fitri niliwachukua wanangu wanne, watatu wa dada yangu, na mama mkwe. Tukapanda tuktuk mbili hadi hoteli moja iliyofungulia watu bwawa lake. Tulitozwa kwa kila kichwa, hata cha mama mkwe ambacho hakikugusa maji. Mume wangu, aliyebaki barazani na miraa yake, tangu hapo ananicheka: bahari ya Mungu iko hapo bure, wewe wanunua maji ya saruji! Nimjibu nini? — Mama Saba, Barani, Malindi*

Waaleikum salaam mwanangu. Mwambie mumeo kwanza atazame mwezi. Idi el Fitri huja na mwezi mchanga, na mwezi mchanga huja na bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana. Na bamvua la pwani yetu lina saa zake: kati ya saa nne na saa tano asubuhi, wakati pilau imekwisha liwa na watoto wameanza kukuvuta leso, bahari imekwenda zake, imeacha mwani na mawe. Itarudi saa kumi jioni, nawe saa kumi una wageni sebuleni. (Idi ya kuchinja ni jambo jingine, huangukia siku ya kumi ya mwezi, karibu na maji mafu.)

Akisema mngengojea Krismasi, mwambie atazame na upepo. Mto Sabaki, ambao huko juu huitwa Athi, hushuka na udongo wa bara baada ya mvua za vuli. Kaskazi ikivuma, matope husukumwa kusini, moja kwa moja ndani ya ghuba ya Malindi. Kusi huyapeleka upande wa pili, lakini kusi yenyewe ina mawimbi, na likizo ya Desemba si msimu wake. Ndiyo maana wageni wa Krismasi hupiga picha na bahari nyekundu wakidhani ni simu iliyoharibika. Maji meupe wayafuate kusini, kwenye hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968, na huko nako kuna tikiti.

Kisha muulize apitie wapi. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Maneno matamu. Ila haikutueleza umma utateremkia wapi kuifikia, maana vichochoro vingi tulivyopita utotoni sasa vina geti, mbwa, na bawabu anayeuliza unamtafuta nani. Unatafuta bahari, mwanangu, na hilo si jibu analoliandika kitabuni.

Hayo yanatosha kumnyamazisha. Usimwambie tu kwamba mlikwenda kuogelea, kwa sababu bwawa la siku ya Idi haliogeleki. Watu husimama maji yakiwa kiunoni, bega kwa bega, wakiulizana habari za shangazi wa Lamu. Ile ni baraza yenye maji. Naye alikuwa kwenye baraza kavu.

*Shikamoo Somo. Niliingia na dera. Dera likajaa hewa, nikaelea katikati ya bwawa kama tanga lililokosa jahazi, na msimamizi akapiga filimbi. Je, nimebaguliwa? — Mwenye Haya, Shella*

Marahaba. Hukubaguliwa, uliokolewa. Ile hewa ikitoka, pamba hunywa maji na kukuvuta chini, na nyuzi zake huziba chujio la bwawa. Kuna vazi la kitambaa chepesi linalofunika kuanzia kichwani hadi miguuni. Mama mmoja wa Australia mzaliwa wa Lebanoni, Aheda Zanetti, alilibuni mwaka 2004. Nunua moja, na dera ulivae kwenda na kurudi.

*Somo, bawabu alikuta sufuria yetu ya pilau chini ya taulo na kutuzuia getini. Wenzetu walipita na viazi karai! — Njaa, Kilifi*

Umeuzwa na bizari. Viazi vilivyopoa havina mdomo.

*Somo, watoto walirudi macho mekundu. Dawa ya maji ilizidi? — Baba Mwenye Hasira, Muyeye*

Ilipungua, baba. Klorini ikikutana na jasho na mkojo hugeuka kloramini, na hiyo ndiyo iwashayo macho na kutoa ile harufu kali. Bwawa lenye dawa ya kutosha halinuki sana. Sasa waulize wanao, mmoja mmoja, faraghani, kwa nini hawakutoka majini kwenda msalani tangu saa tatu hadi saa tisa. Na wewe, uliyeruka bafu la kujimwagia maji kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu, kaa kimya wanapojibu.

*Somo, mimi ni mtoto wa mvuvi wa Mayungu. Nimechumbia binti wa Machakos. Wakwe wanakuja Desemba, na wamewaahidi watoto kwamba mimi nitawafunza kuogelea bwawani. Sijui kuogelea. — Aliyenaswa*

Mwanangu, wavuvi tele hawajui. Kazi yao ni kubaki ndani ya chombo. Wakwe wakikucheka, waoneshe ile ghuba nyekundu: Athi hupita kwao, na udongo wa mashamba yao umewatangulia kufika.

Lakini usijitie ubingwa. Anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono. Mdomo uko majini, sauti itatoka wapi? Katika bwawa lililojaa, anaweza kwenda chini hatua mbili kutoka kwa mjomba anayepiga picha. Basi omba kazi ambayo hakuna anayeitaka: kaa ukingoni pale maji yanapoanza kuwa marefu, simu mpe mchumba, uhesabu vichwa. Asiyejua kuogelea huhesabu vizuri kuliko bingwa, kwa kuwa ana hofu.

Na Desemba bado. Nenda Kilifi, teremka Mnarani maji yakijaa, tafuta kijana wa miaka tisa anayejirusha kwenye hori bila kuulizwa. Usiingie mahali asipokuruhusu, na mtu mzima anayejua maji awepo. Ada yake ni mabuyu na soda baridi, atataka ulipe kabla, na atakucheka wiki nzima. Mlipe.