Natafuta Shahidi

Mke wangu haamini kwamba mtu anaweza kwenda mwaloni, hapahapa Mwanza, Jumamosi asubuhi na hela mfukoni, akarudi bila samaki. Basi naandika.

Mtumbwi ulikuwa pale, hatua hamsini hivi kutoka nchi kavu. Mvuvi akamnyanyua sato, nikamwona hadi mapezi. Kati yetu magugumaji yametanda, kijani na maua ya zambarau, utadhani zulia la harusi. Kasia likizama halitoki. Likitoka, linatoka na mizizi myeusi yenye manyoya kama mkia wa ng'ombe aliyelala topeni. Tukapatana bei kwa kupigiana kelele: elfu kumi na mbili. Saa nzima baadaye, amesogea hatua tano, akapaza sauti: kumi na tano, gharama za kuchelewa! Aliyechelewa ni nani, kama si mimi?

Nikaokota mmea mmoja nikalibinya bua lake. Limevimba, limejaa hewa kama sponji ya godoro, ndiyo maana halizami. Asili yake Amerika Kusini. Watu waliupenda kwa ua, wakaupanda kwenye vidimbwi vyao, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 ulishaingia Ziwa Victoria. Kipande kikikatika, nacho kinaanzisha ukoo. Miaka ya 1990 wakaletwa fukusi wa kuutafuna, na kweli waliutafuna. Lakini fukusi wangu mimi hawakuletwa na mtu, na gunia la mahindi wanalimaliza kabla ya Pasaka. Hawa wa ziwani wako kazini miaka karibu thelathini, bado nakosa kitoweo!

Jirani yangu anasema Serikali iyatoe magugu haya. Anasema hivyo huku anamwaga beseni la maji machafu kwenye mtaro unaoishia ziwani, chakula cha bure kwa magugu. Nilitaka kumsema, nikakumbuka choo chetu nacho hutapishwa mvua ikinyesha. Nikanyamaza.

Jioni upepo ukageuka, ukalisukuma zulia lote ng'ambo. Mke wangu akaenda kuhakikisha. Maji meupe. Akarudi na sato wawili, elfu kumi kila mmoja, na swali: "Magugu gani hayo, Baba Neema?"

Msomaji, kama ulikuwa mwaloni asubuhi ile, tafadhali pita nyumbani. Njoo kabla hawajaisha, wanakaangwa sasa hivi.