Mambo Yasiyo na Jambo

Saa mbili usiku pale Iguguno, mabasi ya Mwanza yamepungua barabarani na pikipiki zinazongoja abiria wa Nduguti zimeegeshwa ubavuni mwa lami. Dereva mmoja, ambaye jina halina haja maana wenziwe wa aina yake wako kila kijiwe cha nchi hii, anatazama simu yenye kioo kilichopasuka. Ujumbe umeingia: "Mambo". Hauna swali la pili wala nukta. Anajibu "Poa". Inarudi: "Nambie". Naye anaandika: "Safi, nambie ww". Hapo mazungumzo yanakata roho mpaka Alhamisi.

Wapo wasioweza kuvumilia kitu hiki. Watu wenye shughuli nyingi hukaripia: kama una shida sema, usinijie na "mambo" halafu ukanyamaza. Makala hii inasimama upande wa mshitakiwa. Lucian, mwandishi wa karne ya 2, alimsifu nzi. Mwanazuoni Erasmus akausifu upumbavu katika kitabu kilichochapwa mwaka 1511. "Mambo" kwa usumbufu haimpungukii nzi, na kwa wingi wa wafuasi inaukaribia upumbavu. Inastahili mtetezi wake.

Ukoo wake, kwanza, ni wa heshima. "Hujambo?" ni kumuuliza mtu kama hana jambo, yaani hajafikwa na neno, naye hujibu "sijambo" hata akiwa na homa. Vijana wakakitupa kile kikanushi. Hawaulizi tena kama mtu hana jambo. Wanachukulia kwamba analo, tena ni mengi, wanataka tu kujua yamefikia wapi. Huo ni utafiti wa hali ya maisha uliofanywa bila ruzuku. Na jibu lake, "poa", limetoka jikoni, kwenye uji na chai: kilichokuwa kinaunguza sasa kinanyweka. Kwa herufi 8, watu wawili wamekubaliana kwamba dunia ina mambo na kwamba kwa leo yamepoa kidogo.

Mzazi wake wa karibu ni kubipu. Kabla ya bando kuwa rahisi, mtu aliiacha simu iite mara moja akakata, na vocha ikabaki nzima. Mtafiti Jonathan Donner aliandika mwaka 2007 kuhusu kanuni za mchezo huo, mifano yake mingi ikitoka Rwanda, na kanuni mojawapo ni ile ambayo Iguguno haikuhitaji kuisoma popote: mwenye nazo ndiye hupiga. "Mambo" imeirithi kanuni hiyo nzima nzima. Dada aliye Dar es Salaam akipokea "Mambo dada" tarehe 28 ya mwezi anajua kabisa kwamba ada, mbolea au dawa ya mbuzi iko nyuma ya mlango, inangoja aseme karibu. Ndugu hajaomba. Akinyimwa, hakunyimwa kitu. Heshima ya wote wawili imesalimika, na gharama yake haifiki kipande cha sukari guru.

Tena ni silaha ya biashara. Wilaya ya Mkalama, ambamo Iguguno imo, iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012, ni nchi ya vitunguu na alizeti, na mnunuzi wa mbali hawezi kumwandikia mkulima "gunia bei gani?" akabaki na siri yake, maana akishauliza ameonyesha njaa. Huanza "Mambo". Mkulima hujibu "Poa, za huko?". Mnunuzi: "Nzuri, mvua vipi?". Wanazungukana hivyo kama majogoo wawili, kila mmoja akitaka mwenzake ndiye ataje bei. Anayeona hapo uvivu wa lugha hajawahi kuuza kitunguu kinachoanza kuchipua stoo.

Sifa yake kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni ulinzi. Tanzania nzima inaufahamu ule ujumbe: "Ile hela itume kwenye namba hii". Laini zikasajiliwa kwa alama za vidole, na zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020, lakini ujumbe wenyewe haukukoma. Utazame vizuri. Una namba, una haraka, una hata jina litakalotokea, salamu hauna. Mwenye kudai hela bila kukujulia hali ama ni mwizi ama ni kampuni. (Ni kweli kwamba wezi wanaoteka akaunti za watu wamekwishajifunza kuanza na "mambo". Hata noti bandia huigwa kwa sababu noti halisi ina thamani.)

Mwaka 2014 WhatsApp iliongeza tiki za buluu, na tangu hapo kusoma bila kujibu kukawa kesi. "Mambo" pekee husameheka. Ukiiacha siku mbili hujamdhulumu mtu, maana hukuulizwa chochote ambacho kingeharibika. Mwaka huohuo Facebook ilikubali kuinunua WhatsApp kwa dola zipatazo bilioni 19. Ni haki kusema kwamba sehemu fulani ya mzigo huo ilikuwa "Mambo", "Poa" na "Nambie".

Dosari moja lazima ikubaliwe: "Mambo" haipandi ngazi. Ukimwandikia baba mkubwa "Mambo" utasikia habari yake kwenye kikao cha ukoo. Kwake ni "Shikamoo", iandikwe kwa ukamilifu, si "xkamoo". Naye hajibu kwa maandishi. Tangu mwaka 2013 WhatsApp ina ujumbe wa sauti, na wazee wameupokea kama kigoda kilichotengenezwa kwa ajili yao: "Marahaba mwanangu", kisha dakika nne za ng'ombe aliyepotea, msiba wa jirani na kikohozi cha usiku, Kiswahili kikiteleza kuingia Kinyiramba, lugha ambayo hakuna shule iliyomfundisha kuiandika na sasa haimlazimu kuiandika. Bando la mpokeaji linaisha kabla msiba haujazikwa.

Alhamisi imefika. Dereva yuko palepale, anafuta kiti cha pikipiki, simu inatetemeka mfukoni. "Mambo". Kabla hajajibu unafuata ujumbe mwingine, safari hii wenye jambo ndani yake: mama ameshapanda, au bado anangoja mvua? Dereva anainua macho, anayatazama mawingu ya upande wa Nduguti kwa muda mrefu kama anayeyahesabu. Halafu anainama, na kwa kidole gumba chenye oili anaandika kwanza: "Poa".