Fundi Huyu Kaletwa na Nani?

Sina ugomvi na chuma. Chuma kimetulia zake, ratili mia ni ratili mia, uwe umeamka vizuri au umeamka na madeni. Ugomvi wangu ni na hawa wanaokiuza, wanaotaka kwanza niwafanyie kazi yao, halafu niwalipe.

Aliyenichokoza ni daktari. Alitazama vipimo, akatazama tumbo, akasema mtu wa umri wangu aanze kunyanyua vyuma kabla misuli haijaniaga. Jimu hapa Fort Worth, Texas, zimejaa kila barabara. Kujiunga ni dakika mbili kwenye simu. Kujitoa ndiko kunakotaka barua, sahihi na subira ya mtu anayefuatilia mirathi. Nikasema basi, heri kitu changu mwenyewe, gerejini kwangu, nipige tizi hata nikiwa nimevaa msuli, na asitokee kijana wa kuniuliza nimebakiza seti ngapi.

Kinachotakiwa hasa ni kizimba. Nguzo nne za chuma zilizotobolewa juu hadi chini, vishikio viwili vya kuwekea chuma kirefu, na vyuma viwili vya usalama vinavyokaa pembeni. Hivyo vya pembeni ndivyo roho yako. Umechuchumaa na mzigo mabegani, magoti yamegoma, hakuna mtu wa kukusaidia. Unashuka kidogo, mzigo unakaa juu ya vyuma vya usalama, na wewe unatoka kwa kutambaa, heshima imepungua lakini mgongo mzima. Mtu anayepiga benchi peke yake gerejini bila hivyo anawatafutia watoto wake uyatima.

Sasa nenda kanunue. Nilidhani nitasema, "Nipe kizimba," nitajibiwa, "Hiki hapa." Thubutu! Kwanza nguzo: unataka za inchi mbili kwa mbili, mbili kwa tatu, au tatu kwa tatu? Matundu ya inchi nzima au ya inchi 5/8? Yapishane inchi mbili mbili, au moja moja pale kwenye usawa wa benchi? Ukikosea tundu, vikorokoro vya kampuni hii haviingii kwenye nguzo za kampuni ile, na umeoa ukoo mzima bila kuulizwa. Halafu unene. Unene wa chuma wanaupima kwa geji, na geji ya Wamarekani inakwenda kinyumenyume: namba ikipanda, chuma kinakonda. Geji 11 ina kama milimita 3; geji 14 hata 2 haifiki. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, dereva wa malori mwenye ushauri usiokatika, akaning'ang'ania nichukue 14.

"Shem, kumi na nne ni kubwa kuliko kumi na moja. Hata darasa la kwanza wanajua."

Nilipomwonyesha akasema hesabu za nchi hii zina ubaguzi. Na kwa kweli simlaumu sana. Chuma kirefu chenyewe, kile cha kawaida cha futi saba, kila mtu hapa anakiita cha ratili 45. Kipime: mara nyingi ni kilo 20, yaani ratili 44. Nchi nzima inajumlisha ratili moja ya hewa kila siku na hakuna anayelalamika ila mimi.

Wauzaji nao, kila mmoja anajigamba kwamba kizimba chake kinabeba ratili 1,000. Ni kilo 450 na ushei. Naomba kuuliza, nani katika mtaa wetu anazinyanyua? Muuzaji niliyempigia simu akanijibu kwamba hapa ni Texas. Na hapo, lazima nikiri, alikuwa na hoja, kwa sababu Arlington, hapo kati yetu na Dallas, ndiko alikokuwa polisi Ronnie Coleman, yule aliyenyakua taji la Mr. Olympia mara 8 mfululizo, kuanzia 1998 hadi 2005. Zamu yake ya polisi na mazoezi yake vilikuwa mji mmoja: alijifulia jimu ya Metroflex, banda lisilo na kiyoyozi, akachuchumaa na ratili 800 mgongoni akainuka nazo, mara mbili, huku akipiga kelele kwamba ni nyepesi. Nikamsimulia mke wangu nikitegemea atahamasika.

"Na sasa yuko wapi?"

Nikamwambia amepasuliwa mgongo na nyonga mara nyingi, anatembea kwa magongo.

"Baba watoto, chukua kidogo."

Nikachukua cha kati: geji 11, mbili kwa tatu, kirefu kuliko mimi lakini kifupi kuliko reli za mlango wa gereji. Hizo reli hakuna anayekutajia. Unapima dari, unafurahi, unasahau kwamba mlango ukifunguliwa unalala palepale juu ya kichwa chako, pamoja na injini yake na balbu yake.

Likaja suala la gari. Gereji yetu inameza magari mawili kwa kubanana. Kizimba na chuma cha futi saba, ukiacha na nafasi ya mtu kuvisha visahani vya uzito pande zote, vinakula nafasi ya gari moja. Gari la nani litoke nje? Aliye mgeni hapa ataona ni ugomvi wa bure, maana gari likilala nje kuna nini? Kuna mvua ya mawe. Tarehe 5 Mei 1995 iliwakuta watu wa Fort Worth kwenye sherehe za Mayfest, ukingoni mwa mto Trinity, barafu nene zikishuka kutoka juu. Watu wengi wakaumia, na hasara ya jimbo hili upande wa kaskazini ikapita dola bilioni 2. Tangu hapo kila wingu jeusi la mwezi Aprili linatuma watu mbio kwenda kusimamisha magari chini ya madaraja. Kikao cha nyumbani kilikuwa kifupi. Gari langu liko nje.

Tukafika sakafuni. Wenye kujua wanasema kizimba kifungwe chini kwa bolti, kisitikisike. Nikaazima drili. Nilipoinama kupima, naona kwenye zege, karibu na mlango, pamepigwa muhuri: usikate, usitoboe. Kisa chake ni udongo. Dallas na Fort Worth zimekaa juu ya udongo wa mfinyanzi unaovimba ukinywa mvua na kusinyaa ukikauka, na nyumba inapanda na kushuka nao. Kwa hiyo nyumba nyingi za miaka ya karibuni zimewekewa kamba za chuma ndani ya zege la msingi, zikavutwa hadi kila kamba inabeba zaidi ya ratili 30,000. Ukiitoboa moja, hiyo kamba haikuulizi umetoka nchi gani.

Ndio huu udongo unaotufanya kiangazi tuzungushe mipira yenye vitundu kandokando ya kuta na kumwagilia nyumba. Nyumba! Sio mchicha, sio mahindi. Mama yangu Temeke nilipomwambia namwagilia nyumba isipasuke, alikaa kimya kwenye simu, halafu akauliza kama nakula vizuri.

Kwa hiyo hakuna kutoboa. Kizimba kisimame kwa uzito wake, chenye miguu mipana, na chini kitandikwe mpira mzito. Mpira huo, nikaambiwa, usiununue duka la mazoezi, watakuchuna. Nenda duka la wafugaji. Wao wanautandika kwenye mazizi farasi wasiumie kwato: futi 4 kwa 6, unene robo tatu ya inchi, na kipande kimoja kinakaribia ratili mia. Huu mji mpaka leo ng'ombe wenye pembe ndefu wanapitishwa barabarani pale Stockyards mara mbili kwa siku watalii wapige picha, basi maduka ya wafugaji si ya kutafuta kwa tochi. Mzee mmoja mwenye kofia pana akanisaidia kupakia.

"Una farasi wangapi?"

Nikamwambia mmoja. Akaniuliza ana umri gani. Nikamwambia ana miaka hamsini na kitu na daktari amemshauri mazoezi. Alicheka mpaka akashika kofia. Mpira wenyewe unanuka tairi la lori lililoungua, na mpaka naandika hivi, nguo zilizoanikwa gerejini zinanuka barabara ya Morogoro.

Mzigo ukaja. Dereva aliyeuleta akashusha maboksi ukingoni mwa barabara, akanipa nisaini, akanieleza kwa adabu kabisa kwamba kazi yake inaishia kwenye ukingo. Vya ndani ni vyangu. Ndipo ilipoanza kunijia kwamba nimelipa na hapohapo nimeajiriwa.

Shemeji akaja kusaidia. Ilikuwa Agosti, na Agosti ya hapa mnaisikia tu. Mwaka 2011 kipimajoto cha uwanja wa ndege wa DFW kilifika nyuzi 100 za Fahrenheit au zaidi siku 71. Hizo ni kama 38 zetu, kivulini. Gerejini ongeza zako. Tulifungua mlango hewa ipite. Ndani ya maboksi: nguzo, mapau, bamba za pembeni, na mfuko mmoja wa bolti, nati na washa zote zimechanganywa. Kitabu cha maelekezo hakina hata neno, kina michoro tu, na yule mtu aliyechorwa anatabasamu. Amevaa mikono mirefu. Hatoki jasho.

Bolti zilikuwa za inchi 5/8, zinataka spana ya 15/16. Shemeji kwenye lori lake ana spana za milimita peke yake. Akaijaribu ya 24, ikaingia, ikakaa. Akanitazama kama aliyegundua dawa ya malaria, na ndipo alipopata kiburi kilichotuponza. Kanuni ya kazi hii ni moja: tia bolti zote kwanza, zifunge kwa vidole tu, simamisha, pima, ndipo ukaze. Yeye akakaza kila moja kwa nguvu zake zote palepale. Tulipofika kwenye pau la juu, tundu la nguzo na tundu la pau yalikuwa yanaonana lakini hayasalimiani. Tukasukuma. Tukagonga kwa nyundo ya mpira. Tukamtaja aliyechora kitabu, na mama yake.

Kelele zikamleta jirani, mzee wa Kikongo kutoka Bukavu. Huku Fort Worth Wakongo ni wengi kiasi kwamba Kiswahili chao nakisikia zaidi kuliko changu. Akasimama mlangoni na kikombe chake.

"Papa, munakaza mbiombio. Hii kitu itawakatala."

Akamnyang'anya shemeji spana, akalegeza zote, moja moja, bila haraka, akitikisa nguzo kila akimaliza. Pau likaingia lenyewe. Shemeji akasema ndivyo alivyokuwa anataka kufanya.

Nilikaa juu ya boksi nikamkumbuka fundi wa kuchomelea wa Gerezani, Kariakoo. Unafika, unamwambia unataka kitu cha kunyanyulia vyuma. Anakuangalia mabega, anachora kwa chaki chini, anaomba advansi ya mabomba. Njoo Alhamisi. Alhamisi umeme umekatika. Jumamosi kaenda msibani. Lakini siku kikiwa tayari kimechomelewa, kimekuwa kitu kimoja, hakina bolti, hakina geji, na kikipinda unarudi unamgombeza mbele ya wenzake, mnakunywa soda, anakirekebisha. Siku zile tulinyanyua makopo ya rangi yaliyojazwa zege, kopo moja zito kuliko mwenzake, tukawa mabaunsa wa upande mmoja, lakini fundi tulikuwa naye. Hapa fundi ni mimi. Nikitaka kumgombeza inabidi niende bafuni kwenye kioo.

Hayo bado yananiuma, ikaja barua ya chama cha wenye nyumba wa mtaa wetu: mlango wa gereji usiachwe wazi muda mrefu, unaharibu sura ya mtaa. Wameambatanisha picha. Kwenye picha shemeji amelala chali sakafuni, kifua wazi, na mzee wa Bukavu anamwonyesha kwa spana. Ni picha nzuri kuliko ya harusi yangu.

Kizimba kimesimama. Mke wangu anakitumia kuanikia. Ameniambia ratili 1,000 zinatosha mablanketi ya nyumba nzima. Na mimi nanyanyua, jioni, jua likishatua, kidogo kama nilivyoagizwa.

Wiki iliyopita duka lililoniuzia likaniletea ujumbe kwenye simu. Wanataka maoni yangu. Nimpe nyota ngapi fundi aliyekuja kunifungia kizimba? Alifika kwa wakati? Alikuwa na lugha nzuri? Alisafisha alipomaliza? Nikavuta kiti. Nikampa nyota mbili. Nikaandika kwamba alichelewa kuanza, alitukana mbele ya jirani, alisimamisha kazi kula wali mara kwa mara, aliacha washa mbili zisizojulikana zilikotoka, na maboksi bado yako gerejini kwangu mpaka leo.

Jibu likaja papo hapo. Wamesikitika sana, wameniomba radhi, na fundi huyo hatatumwa tena nyumbani kwangu.