Namwonea Gere Mamba

Ukikwaruzwa na msumari, ngozi hujifunga yenyewe. Mfupa ukivunjika unafungwa hogo, unaunga. Ini hata likikatwa kipande hukua tena. Lakini jino, lenye kazi ya kutulisha sote tuliomo humu mwilini, likimeguka limemeguka. Kapange foleni.

Na si kwamba limejengwa kwa vitu hafifu. Tabaka la juu, enameli, ndilo gumu kuliko kitu chochote mwilini: asilimia 96 hivi ni madini, fuwele za kalsiamu na fosfeti zilizobanana. Mfupa hauoni ndani. Ila unene wake, hata pale kwenye vilele vya gego, ni milimita 2.5 hivi, na kuelekea ufizini unakonda hadi kwisha. Hizo ndizo nilizopewa za kutafunia mahindi ya kuchoma, mifupa ya kuku na mchele wa duka la mtaani kwetu, ambao kila kilo huja na kokoto zake, nazo zimepimwa humo humo kwenye mzani.

Kinachonikera zaidi ni ujenzi wenyewe. Chembe hai zinazotengeneza enameli hufanya kazi jino likiwa bado limejificha ndani ya ufizi. Likichomoza tu, zimekufa zote. Ni fundi anayekukabidhi nyumba asubuhi, jioni simu yake haipatikani. Enameli inabaki haina damu, haina neva, haina hata chembe moja hai ya kuikarabati. Mate hujitahidi kurudisha madini pale asidi ilipokwangua kidogo, nayashukuru, lakini tundu likishatoboka mate hayana la kufanya. Na kazi ya kukwangua haiishi: enameli huanza kuyeyuka pH mdomoni ikishuka chini ya 5.5 hivi, wakati soda za kola zinacheza kwenye 2.5. Sasa nenda ugenini ukatae soda, uone utakavyosemwa.

Chini ya enameli kuna dentini, laini kidogo, imejaa vijifereji visivyoonekana kwa macho, vyote vikielekea ndani kwenye kiini. Humo kwenye kiini ndimo zilimo neva na mishipa ya damu. Sasa niambieni, mpango gani huu? Ganda la nje, linalokutana na maji ya barafu na chai ya moto, halihisi lolote. Huyu wa ndani, ambaye hajawahi kutafuna hata punje ya wali, ndiye mlalamikaji mkuu! Tena kafungiwa chumba kisicho na dirisha. Kidole kikivimba kinatanuka. Kiini cha jino kikivimba hakina pa kuvimbia, kuta ni ngumu pande zote, kinajibana chenyewe. Ukijilaza, damu inazidi kwenda kichwani na mbano unaongezeka, ndiyo maana jino lililojifanya zima mchana kutwa linaamka saa nane za usiku kudai haki zake. Duka la dawa limefungwa. Nyumba nzima inakushauri karafuu. Karafuu hutia ganzi kidogo, sikatai, ila jino hujua ikiisha kabla yako.

Wenzetu hawana shida hizi. Mamba jino likimtoka, lingine liko tayari chini yake. Papa kajipangia akiba safu kwa safu. Tembo kapewa seti sita za magego. Panya, mwizi wa mahindi yangu, meno yake ya mbele hayaachi kukua. Binadamu, kiumbe mwenye shahada, kapewa seti mbili tu: meno 20 ya utotoni, wakati hujui hata thamani yake, kisha 32, ambayo manne ya mwisho huja ukubwani na kukuta nafasi zimejaa.

Mimi nina deni la ziada. Nimekulia chini ya Mlima Meru, ambako maji hupita kwenye miamba ya volkano na kuzoa floridi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Huku kwetu viko visima na vijito vinavyoruka kiwango hicho mara kadhaa. Juu yake mama alitia magadi kwenye makande yaive upesi, na magadi nayo huja na floridi yake. Ikiwa kidogo, floridi huimarisha enameli. Ikizidi wakati jino linaundwa, enameli hutoka na madoa ya kahawia. Maana yake hukumu yangu ilishapita kabla sijamaliza shule ya msingi, na rufaa hakuna. Nikifika Dar es Salaam nikicheka tu, konda ananiuliza habari za Arusha.

Majuzi kijana mmoja anayeuza dawa ya meno kwenye mabasi akanichagua mimi kuwa mfano. "Mzee wangu hapa, siku saba tu, meno yatakuwa meupe pee!" Nikamweleza kwamba doa hili halikubandikwa juu, limo ndani ya enameli yenyewe, halisuguliki. Ili abiria waelewe nikafunua mdomo vizuri, nikawaonyesha huku na huku. Walitazama kwa makini sana. Kisha kila mmoja akanunua.