Jaketi Ziko Chini ya Mchele

Magoti hayajapona, na picha tayari zimeingia kwenye simu za watu nisiowajua. Uso wangu haumo, nashukuru kwa hilo. Nimeonekana kuanzia kiunoni: suruali iliyorowa, nyayo mbili zimeelekea mbinguni, na pembeni afisa wa usalama wa baharini ameshika kalamu, anasubiri.

Ilikuwa Msambweni, pwani ya Kenya, maji yamekupwa. Mashua imekaa mchangani, imelalia ubavu wa kushoto, na wageni wanne waliotoka Diani wamesimama na mabegi yao wakingoja maji yajae tuondoke. Safari ilikuwa ya kulala Funzi, halafu Shimoni, halafu Kisite kutazama pomboo. Afisa akaja kwa miguu, viatu vikavu, akamwamkia ami yangu ambaye ndiye nahodha. "Mzee, naomba tu nizione jaketi za kuokolea watu, nisiwacheleweshe."

Ami akanigeukia. "Mwanangu, mwonyeshe bwana jaketi."

"Ami, jaketi ziko chini ya mchele."

"Basi toa mchele."

Kusema ni rahisi. Mchele ulikuwa ndani ya ndoo ya rangi, ndoo iko nyuma ya hema, hema limekabwa na mtungi wa maji, mtungi hautoki mpaka jiko litoke, na jiko lina makaa. Vyote hivyo vimo kwenye feuli, ile stoo ya tezini chini ya shetri, ambayo mlango wake uliachwa na fundi aliyeamini kwamba baharia ni mtu asiyeshiba. Nikaingiza kichwa, nikaingiza bega moja, la pili likaingia kwa dua. Kwa kuwa mashua ilikuwa imelala, kila kitu kilikuwa kimehamia upande wa chini, pamoja na maji ya ngama, yale yanayotuama chini ya chombo, na vichwa vya samaki wa juzi. Mkono ukagusa mkanda wa jaketi. Nikavuta. Mtungi ukashuka ukanikalia mgongoni, na hapo sikuwa naingia tena wala sikuwa natoka.

Nje nikasikia mgeni mmoja, kwa Kiswahili cha hotelini, akiuliza, "Hakuna matata?"

Ami hajui kusema uongo. "Yako," akajibu.

Walinitoa kwa kunivuta miguu, ami huu, afisa ule, karatasi za afisa zikapeperuka hadi majini. Nikatokea na jaketi moja mkononi na punje za mchele kichwani. Afisa akaitazama jaketi, akanitazama mimi. "Sasa mashua ikipinduka," akasema, "bahari itawangoja mtoe mchele?" Wakacheka wote. Akacheka hata ami, na mchele ni wake.

Nataka kuwaeleza waliocheka, maana hawajui chombo kinavyopangwa, na mimi nimelala humo usiku mwingi nikikodolea macho jambo hili hili.

Mashua haina pembe. Ukiitazama kutoka juu utadhani ina nafasi ya kuhamia na familia, lakini ni kama dafu lililopasuliwa: kadiri unavyoshuka ndivyo linavyojibana. Mataruma, yaani mbavu zake, yanateremka yakikaribiana mpaka kwenye mkuku. Kwa hiyo kule chini, ambako vitu vizito vinatakiwa vikae, ndiko kwembamba kuliko kote. Ukiweka kasha la mraba, linakalia mataruma mawili na kuacha pembe tatu tupu kila upande, na ndani ya pembe tatu hizo ndimo vinamopotelea vijiko, betri, sabuni na kofia za wageni.

Kuna suala la uzito. Zamani chombo kisicho na shehena kilitiwa farumi, mawe au mchanga, kisije kikapepesuka upepo ukikaza. Sisi farumi yetu ni maji ya kunywa. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, ukipanga mitungi kandokando ya mkuku mashua inatulia vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba hii ndiyo farumi pekee duniani inayopungua watu wakiona kiu. Jua likiwaka, wageni wanakunywa uthabiti wa chombo, na ikifika alasiri inabidi uhamishe vitu upya ili kisiinue tezi.

Kisha kuna tanga lenyewe. Tanga letu la pembe tatu halizungushwi kwa kuvuta kamba ukiwa umekaa. Ukitaka kugeuza upande, foromali, ule mti unaobeba tanga, inasimamishwa, na tanga zima linapitishwa mbele ya mlingoti na watu wanaokimbia. Kwa hiyo pale penye mlingoti, mahali papana na pakavu kuliko pote, hapawekwi kitu. Ndicho chumba chetu cha wageni, na hakikai mgeni. Ukishageuza, upande uliokuwa joshini, upepo unakotoka, unakuwa wa demani, chombo kinalala, na kila ulichokipanga asubuhi kinavuka kwenda kumsalimu jirani yake.

Sasa rudi kwenye jaketi. Ni nyepesi, kwa hiyo juu zinapeperuka. Ni laini, na ndicho kitu pekee laini tulicho nacho, kwa hiyo hakuna kinachoziba ile pembe tatu ya chini vizuri kuzishinda. Hazigongi, hazivuji, hazivunjiki. Mtu yeyote mwenye akili aliyewahi kupanga mashua angeziweka palepale nilipoziweka mimi.

Tena siku hizi hata vyombo vya kuwekea vimebadilika. Hadi tarehe 28 Agosti 2017 kila kitu cha baharini kilifungwa ndani ya mfuko wa plastiki na kusukumwa popote penye tundu. Serikali ilipopiga mifuko marufuku tukahamia kwenye ndoo za rangi zenye vifuniko, ambazo hazipitishi maji lakini hazipindi. Halafu kuanzia tarehe 5 Juni 2020 chupa za maji za kutumia mara moja nazo zikakatazwa kwenye hifadhi za taifa na fukwe, na Kisite-Mpunguti ni hifadhi tangu miaka ya sabini. Sisemi marufuku ni mbaya. Kasa anayedhani mfuko ni kiwavi cha bahari amepona, na mimi nampenda kasa. Nasema tu kwamba kasa amepata nafasi, mimi nimepoteza.

Tukiwa tumekwama na kungoja maji, ami hupenda kutusimulia majahazi ya Uarabuni. Mwaustralia mmoja, Alan Villiers, alisafiri ndani ya mojawapo mwaka 1938 na 1939, chombo cha Kuwait kilichoshuka hadi Mombasa, Unguja na Rufiji. Humo mlikuwa na abiria zaidi ya mia. Baharia alikuwa na kasha lake la bidhaa za kuuza, na kitanda chake kilikuwa shehena. Hakuna aliyeambiwa atoe jaketi, maana hazikuwamo.

Baada ya aibu ile nilianza marekebisho. Nilitaka fundi aupanue mlango wa feuli. Ami akakataa, kwamba mbao ile ndiyo inayoshika shetri, na akichagua kati ya shetri na mabega yangu hatachagua mabega. Basi nikachukua kipande cha jarife kuukuu nikakitundika chini ya shetri, jaketi zote zikalala humo juu kwa juu, ukivuta moja inakuja. Chini nikatandika mbao za paleti juu ya mataruma, maji ya ngama yapite chini yake. Ila kuokoa jaketi kukavuruga vingine. Mafuta ya taa yaliingia kwenye sukari. Nanga ilifunikwa na hema tukasukumwa na mkondo hadi mikokoni. Simu ya mgeni iko ngamani hadi leo. Ilipigiwa, ikaitika kwa muda, ikanyamaza.

Lakini ukweli wenyewe, ambao hauchekeshi sana, ni kwamba mashua yetu haikukosa nafasi. Nafasi imekosekana nchi kavu.

Kwa nini hema, jiko, nyavu, tanga la akiba na injini vilale ndani ya chombo? Kwa sababu hatuna banda. Wavuvi waliotutangulia walikuwa na banda la makuti juu kidogo ya mahali maji yanapofika. Tanga likatundikwa, nyavu zikaanikwa, na mashua ikabaki na kazi yake ya kuelea. Leo tembea ufukweni kutoka Tiwi kushuka Diani. Ukuta, ukuta, lango, mlinzi, ukuta. Vichochoro vya kwenda barabarani vinazidi kuwa vyembamba, na vingine vimeota mlango. Injini ya nguvu farasi 15 ina uzito wa kama kilo 40. Ukiiacha inaibwa, ukiibeba begani usiku, mlinzi anakuuliza umeiiba wapi.

Katiba ya 2010, ibara ya 62, inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Nimeisoma kwa furaha. Yaani tunayo ardhi, tena yenye mandhari nzuri, ila siku za bamvua maji ya pwani yetu hupanda karibu mita 4, na urithi wetu huzama mara mbili kwa siku. Jenga stoo hapo. Tume ya Ndung'u nayo ilitoa ripoti yake mwaka 2004 kuhusu ardhi ya umma iliyogawiwa kinyume cha sheria. Nadhani nayo iko chini ya mchele.

Juzi nilipita nyuma ya hoteli moja nikaona jengo safi, la mawe, lina paa la makuti na kufuli ya shaba. Nikauliza ni nyumba ya nani. Ni stoo ya vitanda vya kuotea jua. Kitanda cha kuotea jua, kisichovua hata dagaa, kina banda. Nilisimama pale kitambo mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea. Nilimwambia hapana, nimezaliwa hapa.

Kwa hiyo hili ni ombi, kwa kaunti ya Kwale na kwa wenye viwanja. BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, zina kanuni zake tangu 2007, na bandari zetu ndogo zinajulikana kwa majina. Zipimwe, ziwekewe mawe ya mipaka, hati ziandikwe kwa jina la umma kabla hakijaisha cha kupima. Kila moja ijengewe banda lenye kufuli. Na njia ya kufikia maji iachwe wazi, usiku na mchana, iwe na upana wa watu wawili waliobeba injini, si wa mmoja aliyebeba taulo.