Shangazi, Soda na Gia

Mhandisi wa Japani aliyechora gari langu aliweka shimo la chupa pembeni kabisa ya gia. Simlaumu sana. Hakuwahi kumpakia shangazi yangu kutoka Lamadi hadi Bariadi, kilometa 70 hivi za lami yenye matuta, huku akisimulia ugomvi wa mahari kwa mikono yote miwili.

Kwenye tuta mojawapo soda ya chungwa iliruka na kutua yote katikati ya gia. Shangazi akaitazama ikizama, akasema, "Gari lako lilikuwa na kiu, baba." Shangazi hakaripiwi. Tukafika salama, nikaweka P, nikazima, tukalala.

Asubuhi nikawasha, nikakanyaga breki, nikavuta gia. Imegoma. Waliofika kwanza kwenye tukio ni sisimizi, msafara mzima, wakiingia na kutoka mahali ambapo bisibisi haipiti. Nyuma yao wakaja bodaboda. Bariadi ni makao makuu ya mkoa tangu Simiyu ilipoanzishwa mwaka 2012, lakini gari likigoma uani kila mpita njia ana hisa. Mmoja akatangaza kwamba giaboksi imekufa, nyingine ipo Mwanza, anamjua muuzaji. Mwingine akaamuru lisukumwe. Wakasukuma mpaka mishipa ya shingo ikawatoka, na gari likiwa P limefungwa pini ndani ya giaboksi. Wangeendelea hadi msimu wa pamba uishe. Wa tatu alikuja na petroli kwenye chupa ya maji. Tumwagie humo, iyeyushe uchafu.

Fundi alipofika hata gia hakuigusa. Alimtuma mtoto akasimame nyuma ya gari, akaniambia nikanyage breki. Taa nyekundu zikawaka. Zisingewaka, angeanza na fyuzi au swichi ya breki, kwa sababu kwenye gari hizi za otomatiki breki ndiyo inayotoa ruhusa: ukiikanyaga, umeme unaenda kwenye kisumaku kidogo chini ya gia, kinavuta kikufuli, unasikia "tk", ndipo gia inatoka P. Yetu ilikuwa inalia tk ya mgonjwa.

Kisha akamgeukia mwenye petroli. "Wewe nyumbani sukari ya chai unakorogea kwenye petroli?"

Kimya. Akachomoa waya wa betri, akang'oa kichwa cha gia na mfuniko wake, akatenganisha soketi, halafu akaagiza maji ya moto. Wale wale waliotaka kumwaga petroli ndani ya gari wakapiga kelele kwamba maji yataua umeme. Mimi nilipiga zaidi yao. Hakutujibu. Aliloweka, akasugua kwa mswaki mpaka gundi ya rangi ya chungwa ikaachia, akaacha kila kitu kikauke juani, akamalizia kwa spiriti na pamba. Pamba yenyewe aliiokota barabarani, imedondoka kwenye lori, akaichambua mbegu moja moja. Dukani ipo, ndiyo, lakini mtu atanunuaje pamba kwenye mkoa unaoongoza kwa zao hilo nchini?

Tk ikarudi, kali. Malipo yake hayakufika hata nauli ya kwenda Mwanza kuulizia ile giaboksi.

Kabla hajaondoka alituonyesha kijifuniko pembeni ya gia. Siku kikufuli kikinasa tena, kanyaga breki, kibandue, bonyeza mle ndani, gia itatoka. Shangazi, aliyekuwa kimya tangu asubuhi kwa sababu zinazojulikana, akauliza kama mpini wa kijiko unafaa. Unafaa.

Jumapili nikamrudisha Lamadi. Akakaa mbele, kijiko kimefungwa kwenye pindo la khanga, magotini amepakata jagi la maziwa ya mgando lisilo na mfuniko. Nikamtazama.

"Endesha, baba," akasema. "Haya sijatia sukari."