Jinsi ya Kumpokea Mwanafunzi wa Uuguzi Ujerumani Bila Kumfaa kwa Lolote

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa uhamiaji mjini Berlin, Septemba 2024, utadhani kila jirani ana binti anayesoma Kijerumani ili akasomee uuguzi huko. Wewe uliyetangulia utaombwa umpokee. Usihofu. Inawezekana kumpokea mtu kwa shangwe na bado usimfae kwa lolote.

Anzia uwanja wa ndege. Beba maua, piga picha, uzirushe kwenye kundi la WhatsApp la kijijini kabla hata sanduku lake halijatokea. Ikiwezekana, afike Jumamosi usiku. Kwamba Jumapili maduka hufungwa, atajua akishafungua friji. Jumatatu mwingize kwenye makundi matatu ya harambee: mwanafunzi huyu hulipwa kila mwezi, na nyumbani walishabadilisha hizo yuro kuwa shilingi, ila kodi ya nyumba hawakuipigia hesabu.

Lugha isikusumbue, cheti anacho. Kama cheti hicho hakijawahi kukutana na mzee wa Bavaria aliyevua meno ya bandia, shauri ya mzee. Mfundishe kutabasamu na kusema "ja", yaani ndiyo. Nesi wa zamu akimuuliza kama mgonjwa wa kitanda cha dirishani ameshakula, maana anataka kumdunga insulini, ajibu "ja".

Halafu adabu. Kwao mtoto hamkodolei macho mkubwa wake. Basi mwalimu wake wa wadini akimwelekeza, yeye huinamisha macho na kuitikia kila kitu. Mwalimu anaandika kwenye tathmini: hajiamini, haulizi maswali. Ajuza wa miaka tisini, binti anamwita nyanya, kwa heshima zake zote, na hapohapo anakemewa kwa kumvunjia heshima. Aitwe Frau na jina la ukoo, basi. Haya yote ungemweleza kwa kikombe kimoja cha chai. Lakini wewe uliyajua kwa machozi. Yeye ayapate bure kwa nini? (Urithi huu tunaupokezana kwa uaminifu kuliko shamba.)

Hospitali nayo ina sehemu yake. Kwa sheria ya uuguzi iliyoanza kutumika 2020, mafunzo ni miaka mitatu: saa 2,100 za darasani na 2,500 za kazini. Angalau asilimia 10 ya hizo za kazini, yaani kama 250, lazima mwalimu mwenye sifa amfundishe kwa mpango. Penye uhaba wa wauguzi, mwalimu huyo ndiye anayegawa dawa, ndiye anayepokea simu, ndiye anayekimbilia kengele. Kwa hiyo mwanafunzi asukume toroli la chakula, na mwezi ukiisha aletewe karatasi asaini kwamba alifundishwa. Mhimize asaini upesi, mgeni hagombani na wenyeji.

Hapo kejeli naiweka kando. Akikupigia simu kuhusu karatasi hiyo, mwambie asisaini hata saa moja ambayo hakufundishwa, kisha umsindikize shuleni kwake akaieleze.